Sheria na Ndoa: Niliondoka kwake miaka minne iliyopita, bado ni mume wangu?

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: watu wameacha kuishi pamoja, kila mmoja ameshika njia yake, na hakuna anayejua kama kisheria wao ni wanandoa au la. Majibu yetu yanafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, inayotumika Tanzania Bara, na vifungu tunavyovitaja ni vya sheria hiyo. Wasomaji wa Zanzibar wana utaratibu wao, na kwa Waislamu wa huko mashauri haya huenda Mahakama ya Kadhi.

SWALI: Nilifunga ndoa kanisani mwaka 2009. Miaka minne iliyopita niliondoka nyumbani. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaandika karatasi kwamba "wameachana kwa amani", tukaweka sahihi. Sasa mwenzangu anasema miaka mitatu ikipita bila kuishi pamoja sheria yenyewe inavunja ndoa, na ameshapeleka posa kwingine. Je, bado ni mume wangu?

JIBU: Ndiyo dada, bado ni mume wako. Kifungu cha 12 kinataja mambo yanayomaliza ndoa: kifo cha mmoja wenu, mahakama kutamka kwamba mmoja anahesabiwa amekufa, mahakama kuibatilisha ndoa, mahakama kutoa talaka, au talaka iliyopatikana nje ya nchi ikatambuliwa hapa. Orodha inaishia hapo. Kikao cha wazee hakimo, na miaka haimo, hata ikifika ishirini.

Hiyo hesabu ya miaka mitatu haikutungwa na mwenzako, ila ameielewa vibaya. Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mojawapo ni wanandoa kutengana kwa hiari, au kwa amri ya mahakama, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Maana yake ni kwamba ukishafikisha miaka mitatu una ushahidi mkononi. Lazima bado uupeleke mahakamani, hakimu ausikilize, na aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika. Usipoupeleka, unabaki mke.

Kwa hiyo karatasi ya wazee usiichane. Haikuwapa talaka, lakini ina tarehe na sahihi zenu wote wawili, na hicho ndicho mahakama itakachotaka kuona: kutengana kulianza lini, na kulikuwa kwa hiari ya nani. Watu wengi wanashindwa kuthibitisha hili dogo. Mmoja anasema tuliachana mwaka 2020, mwingine anasema 2022 alikuwa bado analala kwangu, na hakuna karatasi.

Kuhusu hiyo posa: ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja. Akifunga nyingine kabla mahakama haijatoa talaka, ndoa hiyo ya pili ni batili na yeye atakuwa ametenda kosa la jinai. Mwambie mapema, kwa maandishi ikibidi. Huyo binti wa watu anaandaliwa harusi asiyojua kwamba kisheria haitakuwa ndoa.

SWALI: Mnatumia maneno matatu: kutengana, amri ya kutengana, na talaka. Naomba mnitenganishie. Mimi nataka kupumzika na mume wangu, sina haja ya kuolewa tena, ila nina watoto wawili na sina kipato cha kueleweka.

JIBU: Kutengana kwa hiari ni makubaliano yenu wawili. Hakuna hakimu. Ndoa ipo kamili pamoja na wajibu wake wote, ikiwemo wajibu wa mume kumtunza mke kwa kadiri ya uwezo wake.

Amri ya kutengana hutolewa na mahakama. Unatakiwa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, ila si lazima uonyeshe kwamba haiwezi kurekebishika tena. Kigezo hicho kizito kimewekewa talaka tu (kifungu cha 99). Ukishaipata hulazimiki kuishi naye wala kumhudumia kama mwenza, naye halazimiki kwako. Ila hadhi ya ndoa inabaki. Hakuna kati yenu anayeweza kusema yuko huru kuoa au kuolewa kwa sababu ya amri hiyo.

Talaka inaikata ndoa yenyewe.

Sasa mama, kwa hali yako kuna sehemu ya kifungu cha 111 ambayo tunaomba uisome mara mbili. Inasema amri ya kutengana inawaondolea wanandoa pia wajibu wa kutunzana, isipokuwa pale amri yenyewe inaposema vinginevyo. Yaani ukienda mahakamani ukaomba "kutengana" tu, ukapewa ulichoomba, huenda ukatoka umepoteza matunzo uliyokuwa na haki nayo ulipokuwa umetengana bila amri. Hili linawaumiza wanawake wengi wanaojaza maombi wenyewe. Katika maombi yako andika mistari minne inayojitegemea: naomba amri ya kutengana; naomba matunzo yangu (taja kiasi kwa mwezi); naomba kukaa na watoto (taja majina na umri wao); naomba matunzo ya watoto (taja chakula, ada, matibabu na kodi kila kimoja kwa bei yake). Usiandike "na nafuu nyingine mahakama itakazoona zinafaa" ukadhani hapo umemaliza kila kitu.

Wajibu kwa watoto hauguswi na lolote kati ya haya matatu. Baba mliyetengana naye ni baba, na baba mliyeachana naye ni baba. Kuhusu kukaa na nani, mahakama huangalia kwanza maslahi ya mtoto. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 sheria huanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

SWALI: Tumekubaliana kutengana bila kwenda mahakamani. Je, mkataba wetu wa kuandika wenyewe una nguvu? Tuandike nini?

JIBU: Una nguvu. Sheria inautambua mkataba wa wanandoa kuishi mbalimbali na kupanga matunzo, mali na watoto. Udhaifu unatokana na namna unavyoandikwa. Tunaona mikataba yenye maneno kama "baba atatoa huduma kwa watoto kadiri atakavyojaliwa". Hakuna mahakama inayoweza kumdai mtu kitu kilichoandikwa hivyo. Linganisha na huu: "Mume atalipa shilingi 250,000 kila mwezi, kabla ya tarehe 5, kwa namba ya simu ya mke iliyotajwa hapa, kuanzia Machi. Ada ya shule ataipeleka mwenyewe shuleni wiki moja kabla muhula haujafunguliwa, na kumpa mke nakala ya risiti." Hapo kuna kiasi, tarehe, njia na ushahidi. Akikosa mwezi mmoja, kosa linaonekana bila ubishi.

Muwe na tarehe mliyoanza kuishi mbalimbali. Itawasaidia miaka mitatu baadaye iwapo mmoja ataamua kuomba talaka. Andikeni nani anabaki kwenye nyumba na nani analipa kodi au rejesho la mkopo. Orodhesheni vitu kwa alama zake: pikipiki kwa namba ya usajili, kiwanja kwa namba ya hati au kwa majirani wa pande nne, fedha za kikundi kwa jina la kikundi. Kuhusu watoto, likizo zigawanywe kwa majina ya miezi. Kila ukurasa uwe na sahihi zenu na mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande, kisha mwende mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Nakala ziwe tatu.

Tahadhari mbili. Mahakama ina uwezo wa kubadilisha kipengele chochote kinachohusu watoto ikiona hakiwafai, hata kama nyote mlikubali, usishangae. Na kama mumeo anataka akupe fedha za mkupuo mmoja ili usidai matunzo tena maishani, makubaliano ya namna hiyo hayafungi mpaka mahakama iyapitishe.

SWALI: Nimeolewa miezi kumi na moja. Napigwa. Nimeambiwa siwezi kudai talaka mpaka ndoa ifikishe miaka miwili. Niendelee kukaa?

JIBU: Usikae. Kwanza usalama: kupigwa ni jinai, na jinai haisubiri ndoa ifikishe umri wowote. Nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, chukua fomu namba 3 ya polisi (PF3), utibiwe, na utunze nakala yake. Fomu hiyo itakuwa ushahidi wa ukatili pia kwenye shauri la ndoa. Kuondoka nyumbani kwa sababu ya kipigo si kumtelekeza mume, na hakuna mahakama inayoweza kukuamuru urudi kuishi naye. Kifungu cha 140 kimekataza mashauri ya aina hiyo.

Aliyekwambia habari ya miaka miwili amekupa nusu ya sheria. Kifungu cha 100 kinazuia kufungua shauri la talaka kabla ya miaka miwili bila kibali cha mahakama. Kibali kinaombwa, na hutolewa pale mwombaji anapoonyesha kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida. Zuio hilo pia ni la talaka peke yake. Amri ya kutengana unaweza kuiomba hata leo, na pamoja nayo ukaomba matunzo. Kwa ndoa changa yenye kipigo, hii ndiyo njia tunayoishauri mara nyingi: pata amri ya kutengana sasa, na muda ukitimia, madhila uliyoyapata ndani ya miaka hiyo miwili bado utaruhusiwa kuyatumia kama sababu ya talaka.

SWALI: Mume wangu ameniandikia talaka tatu kwenye karatasi mbele ya mashahidi, na shehe ameithibitisha. Nataka kuolewa. Mbona naambiwa niende mahakamani tena?

JIBU: Dada, kidini shehe wako anaweza kuwa sahihi kabisa, na hatuna la kuongeza hapo. Kisheria ndoa yenu inasimama mpaka mahakama itoe amri. Sheria imeifikiria ndoa ya Kiislamu katika kifungu cha 107(3), lakini kwa mpangilio maalumu: Baraza la Usuluhishi la Ndoa (chombo cha kata au cha jumuiya ya dini kinachosuluhisha wanandoa) likae na litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, baada ya hapo mmoja wenu afanye tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, kama kutoa talaka, ndipo mahakama itoe amri ya talaka.

Tatizo ni pale talaka inapotangulia, kama kwenu. Wengi wakishaandikiwa talaka hawaoni sababu ya kwenda Barazani. Matokeo yake shauri linafika mahakamani bila hati, linatupwa, na mtu anaanza upya. Nenda Barazani sasa ukiwa na cheti cha ndoa na karatasi hiyo ya talaka. Usifunge ndoa nyingine kabla ya amri ya mahakama, kwa sababu mwanamke aliye ndani ya ndoa hawezi kufunga nyingine kwa aina yoyote ya ndoa, na ya pili itakuwa batili.

SWALI: Shauri langu la talaka limefutwa kwa sababu ya "hati ya Baraza". Nilikuwa na barua yenye muhuri. Nilikosea wapi?

JIBU: Hili ndilo kosa linalofuta mashauri mengi ya talaka kuliko jingine lolote tunaloulizwa, na limewahi kufuta hata yaliyokwisha kufika Mahakama ya Rufani baada ya miaka ya kusikilizwa. Kwa hiyo twende taratibu.

Kifungu cha 101 kinasema hufungui shauri la talaka mpaka mgogoro upitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Chukua barua yako uiweke mezani.

Soma kichwa chake. Je, inasema imetoka Baraza la Usuluhishi la Ndoa, iwe la kata au la jumuiya ya dini lililoundwa kisheria? Barua ya mtendaji, ya mwenyekiti wa mtaa, ya ustawi wa jamii au ya paroko haitoshi, hata ikiwa na mihuri mitatu. Kisha angalia nani amesaini. Baraza ni mwenyekiti pamoja na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Barua ya mtu mmoja aliyewasikiliza ofisini kwake huzua maswali.

Soma maneno ya katikati. "Nawaleta kwenu hawa kwa hatua zaidi" ni barua ya kumpeleka mtu mahali. Hati inatakiwa kusema Baraza liliwasikiliza, limeona nini, na kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Fomu maalumu ipo, wengi wanaiita Fomu Namba 3 (si ile PF3 ya polisi). Iombe kwa jina hilo.

Mwisho tazama tarehe. Hati isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya siku unayofungua shauri. Ukipewa Januari 10, Julai 20 imeshapitwa na wakati. Wapo wanaoipata hati, wakarudiana kidogo, wakagombana tena, wakaitumia ileile. Rudi Barazani uchukue nyingine.

Mwenzako akigoma kuhudhuria kwa makusudi, hilo halikufungi. Sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila hati pale mwenzako alipokataa kufika, alipokutelekeza na hujui alipo, anapoishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, anapotumikia kifungo cha maisha au cha miaka mitano na kuendelea, anapougua maradhi ya akili yasiyotibika, au mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira ya pekee. Lakini lieleze hilo ndani ya maombi na uambatishe uthibitisho, kama nakala za wito aliopelekewa akakataa kupokea. Ukinyamaza, hakimu ataona tu kwamba hati haipo.

Shauri lililofutwa kwa sababu hii kwa kawaida unaweza kulifungua upya ukishakamilisha utaratibu. Wasioridhika na uamuzi wenyewe wakumbuke kwamba muda wa kukata rufaa katika mashauri ya ndoa ni siku 45. Amri ya kutengana haidai hati ya Baraza. Sharti hilo limewekewa talaka.

SWALI: Tumetengana tangu 2019. Nyumba tuliyojenga pamoja ina jina lake. Nasikia anaiuza. Na mwaka 2021 alinunua kiwanja akiwa peke yake. Nina haki gani?

JIBU: Anza na nyumba, tena wiki hii. Maadamu ndoa ipo, kifungu cha 59 kinamkataza kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa yako, hata kama jina ni lake. Kutengana hakujaondoa ulinzi huo. Sheria inakuhesabu kuwa una maslahi yanayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama nyumba haijasajiliwa, andika barua kwa serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Fanya haraka, kwa sababu mnunuzi aliyenunua bila kujua, na ambaye asingeweza kujua kwa uchunguzi wa kawaida, anaweza kulindwa dhidi yako. Hata bango la "NYUMBA HII HAIUZWI, INA MGOGORO WA NDOA" ukutani linamwondolea mnunuzi kisingizio hicho.

Angalia pia jambo ambalo watu hawalioni: ulinzi wa kifungu cha 59 unadumu wakati ndoa ipo. Siku talaka inatolewa unakwisha. Ukidai talaka leo na mgawanyo wa mali "baadaye", unaacha mwanya katikati. Omba vyote katika shauri moja. Kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, kwa hiyo huhitaji talaka ili upate mgao.

Kinachogawanywa ni mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabika kama mchango. Lakini uthibitisho ni wako: risiti za mabati, ujumbe wa kutuma fedha, fundi aliyekuona ukisimamia ujenzi.

Kwa kiwanja cha 2021 tusikupe matumaini makubwa. Kilinunuliwa ndoa ikiwepo, ila mlikuwa mmetengana, na kilicho kwa jina la mmoja hudhaniwa ni chake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukionyesha kwamba fedha zilitoka kwenye duka mlilolianzisha pamoja, una hoja. Kama zilitoka kwenye mshahara wake wa baada ya 2019, hoja yako ni nyembamba.

SWALI: Mume wangu amefariki tukiwa tumetengana. Ndugu zake wanasema mimi si mjane.

JIBU: Pole sana mama. Kama hakukuwa na talaka ya mahakama, wewe ni mjane. Kutengana hakukuondolei hadhi hiyo. Tafuta cheti cha ndoa. Kikipotea, omba nakala RITA (wakala wa serikali wa usajili) au mahali ndoa ilipofungwa. Mirathi ikifunguliwa bila jina lako, peleka pingamizi mahakamani kabla msimamizi hajathibitishwa. Kiasi cha fungu lako kitategemea mirathi inafuata sheria ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali.

SWALI: Mahakama ilitupa amri ya kutengana mwaka juzi. Tumepatana. Tufunge ndoa upya?

JIBU: Hapana, ndoa yenu haikuwahi kuvunjika. Rudini pamoja katika mahakama ileile, na namba ya shauri mkononi, muombe amri ifutwe. Msiiache ikining'inia hata kama mnaishi vizuri, kwa sababu inaendelea kuwaondolea wajibu wa kutunzana. Ingekuwa talaka, mngelazimika kufunga ndoa mpya na kupata cheti kipya chenye tarehe mpya.